Probox ya samaki, kilomita 387,000: shajara ya kuikinga na chumvi

6 Januari, kilomita 387,210

Jana usiku nilikaa na simu nikapiga hesabu ya kuagiza gari nyingine, bei ya Japani, meli, ushuru, na ile kodi ya uchakavu juu yake, nikafika mwisho nikaona mwaka huu haiwezekani kabisa. Kwa hiyo hii Probox itabidi iendelee na kazi, na mi nimeamua kuanzia leo kila kinachofanyika nakiandika, tarehe na kilomita, maana miaka yote nimeitengeneza kwa kukumbuka tu na mengi yamepotea hapo katikati.

Yenyewe ni Toyota ya 2005, toleo la NCP51, injini aina ya 1NZ, gia otomatiki. Kazi yake moja tu, alfajiri inapakia samaki hapa Deep Sea Tanga inapeleka Muheza, na siku ya soko inafika mpaka Korogwe. Niliinunua mkononi kwa mtu ikiwa na 241,000. Hali ya leo: inakula oili, maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo, gia inachelewa kuingia asubuhi, na ukipanda nyuma kupanga mzigo sakafu inalia kama bati la chini ya debe.

Nimeongea na mafundi wawili. Yule kijana kaniambia kaka hii injini imechoka, lete hela tukufungie nyingine ya Japani. Fundi mzee akazunguka gari mara mbili, akainama, akagonga chini na mpini wa bisibisi, hapa tii, hapa tii, hapa tufu, akaniambia "Mwanangu, injini hii bado. Bodi ndo itakufa kwanza, wewe unabeba bahari humo ndani kila siku." Maneno hayo nimelala nayo.

Nimejiwekea sharti moja. Sibadilishi spea wala simimini dawa yoyote kabla sijapima, na nikishafanya napima tena.

26 Januari, kilomita 388,530

Kipimo cha kwanza kimekamilika. Kila alfajiri kabla sijawasha, gari ikiwa pale pale kwenye zege la uwani ili isiwe imeinama, nimechomoa kijiti cha oili, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Nikiongeza naongeza kwa chupa ya nusu lita ili nijue. Imekula lita 1 kwa kama kilomita 1,300. Ni nyingi ila sio msiba.

Swali ni inaenda wapi. Chini hakuna tone, maji ya rejeta hayana mafuta, kwa hiyo inaungua. Nilimweka mdogo wangu nyuma ya gari asubuhi nikawasha, hakuna moshi. Zingekuwa sili za valvu, oili ingechuruzika usiku na gari ingetoa wingu la bluu wakati wa kuwasha. Moshi wetu unatoka ikipanda mlima na mzigo, na hapo unazishuku ringi za pistoni. Tukapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana upepo, plagi zote nje, injini ya moto, mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho: psi 175, 170, 175, 170. Yaani silinda zote nne ziko karibu karibu. Hii kwangu ndo habari njema ya mwezi. Maana yake zile ringi za juu za kubana upepo bado zinafanya kazi, kilichoganda ni ile ringi ya chini ya kukwangua oili, vitundu vyake vimezibwa na masizi, ugonjwa unaojulikana sana kwa hizi injini zikizeeka hasa zikiwa zimecheleweshewa kumwaga oili. Kufunga injini nyingine kwa sababu hiyo ni kutupa hela, na hiyo unayofungiwa hujui imetembea ngapi wala imenyweshwa oili gani.

31 Januari, kilomita 388,900

Rejeta. Hapa nimeumia roho kwa kweli.

Nimefungua mfuniko gari ikiwa ya baridi, maji rangi ya juisi ya ukwaju. Na pale shingoni kuna ukoko mweupe, ule ule ninaouona kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kisima nyumbani. Ndo nikaelewa. Kwa miaka minne nimekuwa najaza rejeta kwa maji ya kisima kwa sababu kisima kiko uwani na bomba liko kwa jirani, na visima vya huku karibu na bahari vina chumvi, kila mtu anajua, sabuni haitoi hata povu. Bloku ya 1NZ ni alumini, silinda zake ndo za chuma, na chumvi ikikutana na alumini inaitoboa polepole vitundu vidogo vidogo. Nilikuwa naua injini kwa ndoo yangu mwenyewe.

Alafu fundi mzee akafungua nyumba ya thamostati, ndani hamna kitu. Kuna gereji moja zamani waliitoa wakaniambia nchi za joto haihitajiki. Naliandika hili kwa wino mzito: thamostati inahitajika hata Tanga. Ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Bila yenyewe, gari ikishika lami injini inapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani bado asubuhi inaongeza petroli, na ule unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuondoka, unabaki unatengeneza tope. Fundi alichomeka skana tukiwa safarini ikasoma nyuzi 66. Baada ya kufunga mpya, barabara ile ile, mzigo ule ule, inakaa 86 mpaka 88.

Tumesafisha kwa maji ya bomba, ambayo hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani mto Zigi na hayana chumvi, mara tano, mpaka yametoka meupe. Tukamalizia na kulanti nzito nusu kwa nusu na yale maji ya betri ya kuongezea (sio asidi, soma chupa vizuri). Watu wananiuliza kulanti ya nini wakati hakuna barafu huku. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu ndani, hiyo tu inatosha kuwa sababu. Mfuniko wa rejeta mpya pia, wa zamani spring ilikuwa imelegea.

Dawa ya kuziba rejeta nimeikataa. Ile inaziba popote inapopita, tundu na mishipa mizima pamoja.

16 Februari, kilomita 390,010

Dawa za oili. Nimejaribu moja ile nzito kama asali inayouzwa kwa ajili ya magari yaliyotembea sana. Matokeo: lita 1 kwa kilomita 1,450 badala ya 1,300. Kwa hiyo imepunguza, ila kilichofanyika ni oili kuwa nzito tu, na bei ya ile chupa ni kubwa kuliko oili niliyookoa. Alafu injini yenye VVT-i (mfumo unaotumia oili kurekebisha muda wa valvu kufunguka) ina njia nyembamba za oili na kijichujio kidogo kama kitambaa cha shela, na asubuhi ya kuwasha oili nzito inachelewa kufika juu. Sirudii. Na ndo maana pia sisikilizi wanaosema gari kongwe lazima inywe oili nzito ya 20W-50. Mi nimetulia na 10W-40, nyepesi kuliko hiyo, naimwaga kila kilomita 5,000, filta kila mara. Nanunua kwa wakala ninayemjua, na kopo likiisha nalitoboa kwa msumari ili lisirudi sokoni na oili feki ndani. Tafadhali na wewe unayesoma fanya hivyo.

Kuna mwenzangu wa pale sokoni kamimina ile dawa ya kusafisha injini kwa dakika 10 kwenye gari ambayo haijawahi kusafishwa tangu ije. Tope lililobanduka likaenda kuziba chujio la pampu ya oili chini, taa nyekundu ikawaka njiani. Gari chafu kwa miaka haisafishwi kwa dakika 10. Oili nzuri yenyewe ni sabuni, imwage mapema mapema mara nne mfululizo, itatoa uchafu taratibu na salama.

Leo nimechomoa ile valvu ndogo ya PCV juu ya injini, ya kutolea upepo wa ndani ya injini. Nzima ukiitikisa inalia tiki tiki. Hii yangu kimya, imejaa lami. Ikiziba, upepo wa chini ya pistoni haupati pa kutokea, unasukuma oili. Mpya nimenunua bei ya samaki wawili. Nimerudi kuhesabu.

20 hadi 26 Februari, kilomita 390,180

Gari imelala wiki nzima, mzigo nimekodi bodaboda ya magurudumu matatu, hasara, ila masika inakuja na hili haliwezi kusubiri.

Tumetoa viti vya nyuma, mpira wa sakafu, na ule mkeka wa chini yake. Mkeka ulikuwa mzito kama kondoo aliyelowa, nikauminya kwa mikono miwili yakatoka maji yenye harufu ya vibua. Hapo ndo nikaona maana ya kauli ya mzee. Samaki nawabeba kwenye matenga na barafu, barafu inayeyuka, maji yanachanganyika na chumvi na damu yanapita chini ya mpira, na mkeka unayashika siku saba kwa wiki. Kutu inahitaji chuma, hewa na maji, ukiongeza chumvi yale maji yanapitisha umeme vizuri na kazi inaenda mbio. Mi nilikuwa nafikiria upepo wa kaskazi, kumbe bahari naiingiza mwenyewe kwa mlango wa nyuma.

Chini nako kulikuwa na ile rangi nyeusi ya lami waliyopaka kabla sijanunua, inang'aa, ukiangalia unasema gari safi. Mzee akachukua mwiko wa kukwangulia akausukuma kwenye ukingo, ikabanduka vipande vikubwa kama kiganja na nyuma ya kila kipande kutu imepangana magamba magamba, kama unaparua changu. Ile lami ilipakwa juu ya kutu. Ikapasuka sehemu moja, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea. Bora bati tupu linalokauka kuliko lami juu ya kutu.

Tumepiga brashi ya waya, alafu msasa, alafu bisibisi kila nchi. Matundu manne: mawili kwenye sakafu nyuma ya tairi la kushoto, moja kwenye maungio ya fenda ya ndani, na moja baya, mwisho wa ule mfereji wa bati unaopita chini ya milango. Huo mfereji una vitundu vya kutolea maji kwa chini, vyote vimezibwa na udongo mwekundu wa barabara za Muheza. Nilipoingiza waya wa baiskeli kwenye cha tatu yakatoka maji ya kahawia, yametiririka nikahesabu mpaka ishirini na saba. Gari imekaa juani siku mbili! Hayo maji yalikuwa humo toka vuli. Kama una gari mwambao huu na huna muda wa kufanya kingine chochote nilichoandika, zibua hivyo vitundu, na vya milangoni pia.

Fundi wa bodi alitaka kujaza puti. Nimekataa, puti inanyonya unyevu na haina nguvu, tumekata mpaka bati zima na kuchomelea viraka vya geji 18. Betri tulitoa nyaya zote mbili kabla ya kuchomelea ili kontrol boksi isiungue. Kwenye ile kutu ambayo haijatoboa nimepaka dawa ya asidi ya fosfori, inabadilika inakuwa nyeusi na ngumu, nikaacha usiku mzima, nikaosha kwa maji ya bomba, nikakausha kwa jua. Alafu praima ya epoksi nikapaka mara mbili, gundi ya maungio kwenye kila mstari ambapo bati linakutana na bati, alafu rangi.

Kilichobaki ni ndani ya mifereji, na hapa watu wengi wanaishia njiani. Ukichomelea nje, moto unaunguza rangi ya ndani ambako huoni, na kutu itaanzia huko huko. Wengi huku wanapulizia oili chafu na dizeli. Nimefanya hivyo huko nyuma kwa hiyo nasema kwa heshima: inazuia kwa miezi michache, ila inakamata mchanga, inalainisha bushi za mpira, inadondokea ardhini kwenye visima vyetu, na oili iliyokwisha tumika si kitu cha kuvuta puani wala kukishika kwa mikono mitupu. Mi nimechukua kopo la grisi na lita moja ya oili mpya ya gia, nikayeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe sio juu ya moto wenyewe, ikawa kama uji mwepesi. Tukapulizia kwa kompresa kupitia mpira mrefu mpaka ikaanza kutoka kwenye vitundu vya chini. Diski na dramu za breki tulizifunika mifuko, ekzosi pia.

Matenga basi. Nimenunua madeli manne ya plastiki yenye mfuniko, na chini yake nimetandika turubai zito lililokunjwa kingo juu, lina bomba la plastiki kwenye kona linalotoa maji nje mbali na chesisi. Mkeka haujarudi na hautarudi.

15 Machi, kilomita 391,640

Baada ya PCV mpya: lita 1 kwa kilomita 1,600. Kifaa cha bei ya samaki wawili kimeishinda ile chupa ya asali.

Kesho Jumapili tunalowesha pistoni kwa dawa, ili masizi ya ile ringi ya chini yalegee.

17 Machi

Tumefanya hivi. Injini ya uvuguvugu, plagi nje, pistoni zote zimewekwa usawa wa katikati kwa kuzungusha pule kwa spana. Plagi ya silinda ya 3 ilikuwa na ukoko wa majivu kama chokaa. Tukamimina dawa ya kuyeyusha masizi kila silinda, tukaacha usiku, asubuhi mbili zilikuwa zimekauka kabisa, yaani ilipita chini kwa ringi, mbili bado zina kimiminika. Tukarudia. Jioni tukanyonya kilichobaki kwa sindano na mpira, alafu tukapiga stata plagi zikiwa bado nje, tambara juu, fyuzi ya nozo tumetoa. Hili sio la kusahau: ukifunga plagi na kimiminika kiko juu ya pistoni, hakibanwi, utapinda koniroodi, ule mkono unaoshika pistoni. Tukamwaga oili, ilitoka nyeusi tii na nyepesi, oili mpya, filta mpya, plagi mpya. Moshi ulitoka dakika kumi ukaisha.

Kwenye tenki nimeweka pia dawa ya kusafisha nozo, ile yenye PEA, kemikali ya kutoa masizi. Silensa, yaani injini ikiunguruma gari imesimama, imetulia zaidi. Sina cha kuongeza hapo.

9 Aprili, kilomita 393,150

Leo Mungu kasaidia. Natoka Muheza gari tupu, karibu na Pongwe, mvua, mbele ng'ombe. Nimekanyaga breki, pedali ikashuka nusu, ikashuka tena, ikashika chini kabisa. Gari ikasimama, kwa sababu mfumo umegawanywa njia mbili na moja ilikuwa bado hai. Nimekaa pembeni mikono inatetemeka.

Bomba la breki la nyuma limetoboka pale pale linapopita kwenye kibanio cha plastiki. Kibanio kinashika mchanga na unyevu wa chumvi, ukiangalia bomba lote safi, ila chini ya kibanio limekuwa kama sigara iliyoungua. Nililala chini ya gari hii wiki nzima mwezi wa pili na sikufungua vibanio. Kuanzia leo kila kibanio kinafunguliwa mara mbili kwa mwaka, bomba linafutwa, linapakwa grisi, linarudishwa. Tumebadilisha mabomba yote mawili ya nyuma, mafuta ya breki yote mapya (yanavuta unyevu hewani, miaka miwili basi), na pini za kalipa za mbele tumezisafisha, moja ilikuwa imeshikana.

22 Aprili, kilomita 393,880

Lita 1 kwa kilomita 2,200. Kutoka 1,300. Sijafungua injini. Fundi kijana kaja kuangalia mwenyewe daftari, kakaa kimya, alafu kaomba jina la ile dawa ya pistoni.

Masika imekaza. Kila Jumamosi naosha chini kwa maji ya bomba ya jirani, nimekubaliana naye namlipa kwa mwezi.

30 Juni, kilomita 397,960

Oili imebaki hapo hapo, 2,150 safari hii. Maji ya rejeta hayajashuka tangu Februari.

Haidroliki ya gia nimemwaga kwa mara ya nne. Kila ukimwaga inatoka kama lita 3 tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo nimefanya kidogo kidogo kila wiki tatu badala ya kuisukuma yote kwa mashine, gia kongwe sitaki kuishtua. Ni haidroliki aina ya T-IV kama inavyotakiwa. Ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa, ya leo nyekundu iliyofifia. Asubuhi inaingia bila kusita.

Nimeinua turubai, sakafu kavu, nimenusa, harufu imeisha. Nimelala chini na tochi: viraka vyote safi, grisi bado inatoka kidoleni kwenye vitundu vya mfereji. Ila mlango wa nyuma, ukingo wa chini kwa ndani, pale bati linapokunjwa, rangi imevimba malengelenge matatu, kubwa lake kama punje ya mahindi. Nimelitoboa kwa ncha ya kisu, chini yake kuna kutu ya machungwa, bado haijala bati. Jumapili naung'oa mlango. Epoksi imebaki nusu kopo, itatosha.